Pangaboi Alilolichagua Hamdun

Hamdun bin Darwesh alikuwa fundi wa malori mjini Tabora, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na hakuwahi kuuamini mtambo ambao yeye mwenyewe hawezi kuufungua akaufunga tena. Babu yake alikuja na misafara ya kutoka pwani, akaoa Unyamwezi, akasahau njia ya kurudi. Ndiyo maana Hamdun alisali kwa Kiarabu, akapatana na wateja kwa Kiswahili, na nati ikishika kutu ikagoma kutoka, aliitukana kwa Kinyamwezi cha mama yake.

Karakana yake ilikuwa mtaa wa Gongoni, uani mwa nyumba aliyoachiwa na baba. Humo yaliingia malori ya tumbaku na nta kutoka Ipole, na mengine yakiingia hayakutoka tena. Yalikaa pembeni juu ya matofali yakingoja spea iliyoagizwa Ulaya, mpaka kuku wakatagia ndani ya bodi. Kila asubuhi Hamdun aliyapita akienda kufungua stoo, na kila asubuhi roho ilimuuma, maana karibu yote yalikuwa yameuawa na kitu kidogo: mpira, gesketi, kipande cha chuma kisichojaa kiganja.

Mwaka sitini na tisa Bruda Alois alimjia na habari ya ndege.

Bruda huyu alikuwa Mzungu wa misheni ya Kikatoliki, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuwa Unyamwezi tangu kabla ya uhuru, akizungukia zahanati za porini kwa pikipiki, na ubovu wa pikipiki hiyo ndio uliomkutanisha na Hamdun. Urubani alijifunza kwao ujanani. Sasa watu wa parokia ya kwao Ulaya walikuwa wamechanga wampatie ndege ndogo, ile inayokuja vipande vipande ndani ya masanduku, ukaiunga mwenyewe. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kuamuliwa isipokuwa pangaboi, lile feni la mbele linaloivuta ndege. Hilo alitaka kulizungumza na fundi kabla ya kuagiza.

Alitandaza picha mbili juu ya boneti ya lori.

"Hili la kwanza," akasema, "ni la mbao ngumu zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka. Mapanga yake yako pembe moja siku zote, hayageuki. Hili la pili ni la chuma. Mapanga yanajigeuza yenyewe angani. Mimi naiambia injini, zunguka kwa kasi hii, basi. Ndege ikipanda, mapanga yanakata hewa kidogo kidogo. Ikishanyooka safarini, yanakata kwa kina. Injini haibadilishi sauti."

"Kama gia," Hamdun akasema.

"Kama gia. Hilo la mbao ni lori lenye gia moja tu."

"Gia ya ngapi?"

Bruda alifikiri. "Tuseme ya tatu."

Hamdun akacheka puani. Aliishika ile picha ya pili, akaigeuza upande huu na huu. "Na hayo mapanga yanageuzwa na nini?"

"Na oili ya injini. Kuna mtambo mdogo unaoisukuma mpaka kwenye kitovu cha pangaboi. Unaitwa gavana."

"Gavana! Bruda, gavana tulimuaga mwaka sitini na moja, akapanda ndege na kofia yake yenye manyoya. Wewe unataka kumrudisha kupitia karakana yangu?"

Wakacheka wote wawili, hata Zeyana, mkewe Hamdun, aliyekuwa akileta kahawa, akacheka mlangoni. Lakini kicheko kilipokwisha Hamdun aliuliza maswali yake, na hayakuwa ya mchezo. Ndani ya kitovu kuna mipira ya kuzuia oili isivuje? Iko. Mpira mmoja ukipasuka? Oili itaruka kwenye kioo, mbele ya uso wa rubani. Na mapanga? Yatalala, injini itakimbia kupita kiasi. Vumbi letu hili la kiangazi likiingia humo? Bruda alikiri kwamba hajui. Na huyo gavana akiugua, daktari wake yuko wapi?

"Nairobi. Au Ulaya."

Hamdun alinyoosha mkono kuelekea yale malori yaliyokaa juu ya matofali.

"Naelewa," Bruda akasema. "Lakini na wewe nielewe. Tabora tuko juu, hewa ni nyepesi. Mwezi wa kumi, joto likipamba moto, inakuwa nyepesi zaidi. Viwanja vya porini ni vifupi. Gia ya tatu inapanda mlima kwa shida."

"Kifupi kuliko vyote ni kipi?"

"Cha Ilungamo, upande wa Usinge. Lakini hata hicho kinatosha kwa pangaboi la mbao, kama nikiwa mwangalifu."

"Basi umeshajijibu. Uwanja ukiwa mfupi, watu wa Ilungamo wana mashoka, watakata miti uwe mrefu. Pangaboi la gavana likifa, nani ana shoka la kulifufua?"

Uamuzi ulikuwa wa kufanywa mara moja tu, na wote wawili walijua: injini ya kubeba pangaboi linalojigeuza ina krenki, ule mhimili unaozungusha pangaboi, yenye tundu katikati la kupitishia oili, na injini ya pangaboi la mbao haina. Ukishaagiza moja huwezi kuhamia nyingine. Bruda alikwenda kulala na shauri hilo, na kwa siku kadhaa hakuonekana. Aliporudi alisema tu, "Nimekusikiliza wewe, Hamdun."

Masanduku yalifika kwa treni ya mizigo. Kazi ya kuiunga ndege iliwachukua zaidi ya mwaka, Bruda na Hamdun na mafundi wawili wa misheni, ndani ya ghala la zamani la karanga. Mabawa yalikuwa mifupa ya mbao ya kuvikwa kitambaa, na kitambaa hicho kilishonwa na Zeyana pamoja na binti yao Tufaha, mshono mmoja mmoja, fundo mbele ya fundo, huku Bruda akiwasomea maelekezo. "Shemeji," alimwambia Zeyana, "siku mshono huu ukifumuka nitakuja kukudai mbinguni." Zeyana akamjibu kwamba mbinguni kwake na mbinguni kwa Bruda huenda visiwe mtaa mmoja.

Ndege iliruka mwaka sabini na moja. Mwaka huo huo nyumba za kupangisha zilitaifishwa, na Thuwaini, kaka yake Zeyana, aliyekuwa na nyumba tatu, akabaki na funguo zisizofungua kitu. Akahamia Maskati. Karakana ya Hamdun ilisalimika kwa kuwa mwenyewe alilala humo humo.

Miaka mitatu ile ndege ilifanya kazi ambayo watu wa porini wanaizungumza hadi leo. Ilibeba wagonjwa wa malale walioumwa na mbung'o kwenye mizinga ya nyuki, watoto wenye surua, wazee walioangukiwa na miti. Kila iliporudi Tabora Hamdun alikwenda uwanjani, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa mapanga ya mbao kutafuta ufa, akakaza bolti, akarudi kwenye malori yake. Pangaboi halikuwahi kuilaza ndege chini hata siku moja. Hamdun hakujisifu, lakini Zeyana alimjua: siku hizo alikula vizuri.

Mwaka sabini na nne ikaja Operesheni. Watu wa porini waliamriwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika wakakae pamoja vijijini, kando ya barabara, ambako watapata shule na maji. Wengine walikwenda kwa kupenda. Wengine walikaidi mpaka wakashushiwa paa. Kila mwenye lori alitakiwa kulitoa, na Hamdun alitoa la kwake, akaliendesha mwenyewe kwa kuwa hakumwamini dereva mwingine.

Hivyo ndivyo alivyomjua Dionis. Alimkuta mbele ya boma lake, ndani kabisa ya miombo, ameketi juu ya kinu. Alikuwa mfuga nyuki wa makamo, mkristo, rozari shingoni. Mkewe Flavia alikuwa anafunga vyungu kwa majani ili visivunjike njiani.

"Mwangaluka," Hamdun alimwamkia.

Dionis alimtazama yule mtu mwenye sura ya Kiarabu anayeamkia kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka. Na wewe umekuja kunihamisha?"

"Nimekuja kubeba vyombo. Wanaohamisha ni wengine."

"Mizinga yangu iko juu ya miti, kote huku. Hiyo nayo utaibeba?"

Walipakia kitanda, kinu, vyungu, kuku wamefungwa miguu, na Flavia akapandishwa mbele kwa kuwa hakuwa akijisikia vizuri. Njia nzima Dionis alikaa nyuma akitazama walikotoka.

Kijiji kipya kilikuwa Ilungamo penyewe. Walipofika Hamdun aliona vigingi vimepigwa, kamba imevutwa, na viwanja vya nyumba vimepangwa safu mbili. Safu moja ilikata kabisa mwisho wa uwanja wa ndege. Alidhani amekosea. Aliteremka akatembea mpaka pale, akasimama kwenye kigingi, akageuka kuutazama uwanja uliobaki. Hakukosea.

Msimamizi wa zoezi alikuwa kijana wa kutoka wilayani, kavaa kaunda suti iliyojaa vumbi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hamdun alimwendea na kumsalimu kwa adabu.

"Ndugu, hapa ndipo ndege ya wagonjwa inapopandia. Nyumba zikikaa hapa haitakuwa na pa kupita."

"Nyumba zinafuata barabara, ndugu. Ramani imeshapitishwa."

"Safu hii ikisogezwa kidogo tu upande ule wa mbuyu—"

"Nina kaya zaidi ya mia zinalala nje na mvua inakuja. Wewe unanizungumzia ndege ya wamisheni." Kijana yule hakuwa mkali. Alionekana mtu aliyechoka kubishana tangu alfajiri. Kisha akamwangalia Hamdun vizuri, rangi yake na pua yake, sauti ikabadilika. "Halafu wewe ni nani wa kutupangia? Mirija ile ya kutunyonya bado mnaitafuta? Shusha mizigo, bwana, wenzako wanangoja."

Hamdun akashusha mizigo.

Bruda Alois aliposikia alikwenda kujionea mwenyewe. Alirudi karakana uso umemshuka, akakaa juu ya tairi. Kukata miti upande wa pili haikuwezekana, kwani kulikuwa na mwamba. Kurudi kwenye lile pangaboi la gavana haikuwezekana, krenki haina tundu. Hamdun alishauri waagize pangaboi jingine la mbao, lenye pembe ndogo, la kupandia.

"Yaani gia ya kwanza," Bruda akasema.

"Litakwenda polepole safarini, lakini litaruka."

Waliliomba. Lakini fedha za kigeni zilikuwa hazitoki ovyo wakati ule, nchi ilikuwa ikinunua mahindi nje, na kibali cha pangaboi kilikwenda Dar es Salaam kikakaa. Wakiwa wanangoja, walikubaliana sharti moja: Ilungamo ndege itatua kupeleka dawa tu, itaruka tupu, na itaruka asubuhi kukiwa na baridi. Mgonjwa wa Ilungamo atabebwa kwa lori au kwa baiskeli ya machela hadi Usinge. Bruda aliweka mkono juu ya bega la Hamdun na kuahidi, na mwaka mzima alilitimiza sharti hilo.

Oktoba ya mwaka sabini na tano, siku ya joto ambayo hata mbuzi hawakutoka kivulini, padri wa misheni alikuja Gongoni kwa miguu. Hamdun alikuwa chini ya lori. Aliona viatu vya padri vimesimama bila kusogea, akajua kabla hajatoka.

"Ilungamo," padri akasema. "Polisi wa Usinge wameleta habari kwa redio. Bruda amefariki. Na mama mmoja mgonjwa."

Hamdun aliondoka vivyo hivyo, na oili mikononi. Barabara ilikuwa mbaya na alifika asubuhi ya pili yake. Kijiji kilikuwa kimya. Nyumba ya mwisho ya safu ile haikuwa na paa upande mmoja, na nyuma yake, katika shamba lililokuwa linangoja mvua, ndege ilikuwa imelala kifudifudi. Kitambaa cha bawa moja kilikuwa kimechanika kufuata ubavu, mishono ya Zeyana ikiwa bado imeshika pande zote mbili. Pangaboi lilibakia kipande kimoja, kingine kilikuwa mavumbi na vibanzi.

Dionis ndiye aliyemsimulia. Walikaa juu ya ardhi, pembeni ya turubai lililofunika miili miwili.

"Flavia alishikwa na uchungu tangu juzi," alisema. "Mtoto alikingama. Siwema, mkunga wetu, alifanya aliloliweza, akaniambia hili si langu tena. Bruda alikuwa ametua kuleta dawa. Nilimwendea. Aliniambia, Dionis, siruhusiwi kuruka na mtu hapa. Nikapiga magoti. Sikumshika nguo, nilipiga magoti tu."

"Ndiyo."

"Alikwenda akamwona Flavia. Lori halikuwepo, na kwa baiskeli asingefika Usinge hai. Alipotoka hakusema tena habari ya sharti. Alitoa kiti, akatoa masanduku yote, hata viatu vyake alivua akaviacha. Akamwaga petroli, akabakiza ya kumfikisha Tabora tu. Nilitaka kupanda nimshike mke wangu. Akasema, wewe ni mzito, baba, baki. Wanaume wakaishika ndege nyuma mpaka injini ikalia sana, ndipo tukaachia." Dionis alionyesha kwa kiganja, polepole, juu ya mchanga. "Ikainuka. Wote tuliiona imeinuka. Tukapiga vigelegele. Magurudumu yakagusa paa la Ngollo, lile la nyumba ya mwisho."

Mwenyewe Ngollo na watu wa nyumba yake walikuwa nje wakitazama, kwa hiyo ndani hakufa mtu. Flavia alizikwa pale pale siku hiyo, na mtoto wake ndani yake. Bruda alifungwa shuka na kulazwa kwenye lori, na Hamdun alimrudisha Tabora akiendesha polepole kila penye shimo, kama anayembeba mtu aliyelala.

Uchunguzi ulifanywa. Mchunguzi wa ndege alikuja kutoka Dar es Salaam, mtu mzima mpole aliyevaa kofia ya jua, na Hamdun aliitwa kueleza habari za injini. Mbele ya maofisa waliokuwepo alieleza yote. Alisema injini haikuwa na kosa. Alisema pangaboi halikuwa na kosa kwa uwanja ule uliokuwepo lilipochaguliwa. Kisha, ingawa padri alikuwa amemnong'oneza mlangoni asiguse habari hiyo, na Zeyana alimsihi hivyo hivyo usiku kucha, alisema kwamba uwanja ulikatwa na nyumba, kwamba yeye alikuwepo vigingi vikiwa vinapigwa, na kwamba alionya.

Mmoja wa maofisa akamuuliza kama anasema Operesheni iliua watu.

"Nasema paa lilikuwa mahali pa ndege."

Walipotoka nje mchunguzi alimfuata hadi kwenye ngazi. Hamdun akamuuliza swali ambalo lilikuwa likimtafuna: lingekuwa lile pangaboi la gavana, ndege ingepita juu ya paa? Mchunguzi alivua kofia akajipepea.

"Pengine," akasema. "Ilipungukiwa kimo cha mtu tu. Pengine."

Wiki hiyo hiyo Hamdun alichukuliwa kwa mahojiano kwa kosa la kueneza uchochezi. Alikaa mahabusu mpaka mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha. Hakupigwa. Alisahauliwa tu, kama yale malori yake, na Zeyana alimpelekea chakula kila siku katika sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Ndani humo Hamdun alipata muda mwingi wa kufikiri kuliko alivyowahi kupata maishani, na akauona ni mzigo. Usiku na mchana alilipanda lile neno la mchunguzi na kuteremka nalo. Lile la gavana lingeinua ndege. Lakini lile la gavana lingekuwa limekaa Nairobi likingoja mpira, na wale wote wa malale wasingebebwa. Au lisingeharibika kamwe. Au Bruda angelitegemea mno, akabeba watu wawili. Kila njia aliyoishika ilimpeleka kwenye shamba lile lile. Taarifa ya uchunguzi ilipotoka ilisema rubani alipakia mgonjwa kinyume cha taratibu zake mwenyewe. Hilo lilikuwa kweli, na halikuongezwa jingine.

Alipoachiwa alikuta Thuwaini amewatumia Zeyana na Tufaha nauli ya kwenda Maskati. Zeyana aliongea naye uani, amesimama, mikono amefumbata.

"Twende wote, Hamdun. Hapa wameshakuandika. Safari ijayo hawatakusahau, watakukumbuka."

"Maskati nitafanya nini? Sijui hata kusema nina njaa kwa Kiarabu cha mtaani."

"Utajifunza. Tufaha atasoma, ataolewa, atakuwa mtu." Alipoona hajibu akasema kwa sauti ya chini, "Wewe hubaki kwa ajili ya nchi. Unabaki kwa ajili ya paa la Ngollo. Mimi siwezi kuolewa na paa."

Waliondoka kwa treni ya Dar es Salaam. Hamdun aliwasindikiza hadi Tura, stesheni za mbele huko, akateremka, akasimama jukwaani mpaka behewa la mwisho lilipopotea, kisha akangoja treni ya kurudi. Zeyana alikuwa amesema kweli, na yeye alijua, lakini miguu ilikataa.

Muda mfupi baadaye Dionis alikuja Gongoni. Alikuwa amekonda. Alikuwa amejaribu kurudi kwenye mizinga yake msituni na amerudishwa mara mbili. Alikataa kiti, akachuchumaa ukutani.

"Watu wa misheni wanasema wewe ndiwe uliyelichagua lile pangaboi."

"Bruda aliagiza. Lakini shauri lilikuwa langu."

"Na kulikuwa na jingine."

"Kulikuwa na jingine."

Dionis alichora kitu chini kwa kijiti, akakifuta. "Nataka kukuuliza jambo, nawe usinifariji. Lingekuwa lile jingine, ningepanda na mimi?"

Hamdun hakuwa ametarajia swali hilo. Alilifikiria kwa uaminifu, kama alivyofikiria kila kitu kilichofunguliwa mbele yake. "Huenda Bruda angekuruhusu. Huenda mngepita nyote. Huenda mngekufa nyote. Mimi sijui, Dionis. Nimelitafuta, silioni."

"Wabeja," Dionis akashukuru kwa Kinyamwezi. "Kule kijijini kila mtu anajua jibu. Padri anajua, mwenyekiti anajua, Ngollo anajua. Nimechoka na watu wanaojua."

Hakuondoka siku hiyo, wala iliyofuata. Alianza kufagia karakana bila kuambiwa, halafu akawa anashika taa fundi anapoingia chini ya gari, na mwisho akawa utingo wa Hamdun. Hawakuwahi kuitana marafiki.

Ndege nyingine haikuja. Misheni haikuwa na rubani, na Ilungamo safu ya tatu ya nyumba ilijengwa juu ya uwanja wenyewe. Hamdun akaifunika bodi ya lori lake kwa turubai, akafunga kitanda cha kamba ndani, na kila alipopita njia ya Usinge kupeleka chumvi au kuchukua asali alirudi na mgonjwa aliyeshindikana. Hakuna aliyemwagiza. Wengine walifika hospitali. Wengine walifia njiani, katika ile mitikisiko ambayo ndege isingekuwa nayo, na hao aliwarudisha kwao, akashuka, akavua kofia, akapokea mazungumzo ya ndugu zao jinsi yalivyokuja, ya shukrani au ya matusi.

Masika moja walimpakia Apolinaria, binti wa mimba ya kwanza, katika mvua iliyokuwa haijakatika tangu juzi. Siwema mkunga alipanda naye nyuma. Walikuwa wamekubaliana kwamba akihitaji lori lisimame atapiga bodi kwa ngumi. Walikuwa wamekwisha kuvuka nusu ya njia, tope hadi kwenye ekseli, alipopiga.

Hamdun alizima injini. Yeye na Dionis wakazunguka nyuma. Siwema alifunua turubai, mikono yake imelowa hadi viwiko.

"Mtoto hapana," akasema. "Mama bado anapumua. Damu haijakatika. Twendeni."

Ndani, chini ya turubai, Apolinaria alikuwa akiuliza kitu kwa Kinyamwezi, mara moja na tena, na Siwema akarudi kumjibu. Dionis alisimama mvuani mikono imening'inia. Hamdun alidhani amekwisha, kwamba hapo ndipo angekaa chini asiinuke. Mbele yao mbuga ilikuwa imejaa maji, barabara haionekani, ncha za majani tu zimechomoza.

Dionis alivua katambuga zake akazitupia ndani ya kebini. Akakata fito, akaingia majini, akawa anachoma chini kila hatua kutafuta ardhi ngumu. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Aligeuka akainua mkono.

Hamdun akawasha injini, akatia gia ya kwanza, akamfuata.